Namna ya Kuiandaa Tovuti Ili Zana za Utafutaji za Akili Mnemba Ziielewe

Mtu anapoiuliza zana ya utafutaji ya akili mnemba swali, hapewi orodha ya viungo kumi ili achague mwenyewe pa kuingia, bali hupewa jibu lililokwisha kutungwa, likiambatana na viungo vichache vya kurasa zilizotumika kulitunga. Hali hii ilianza kuwagusa wenye tovuti baada ya ChatGPT kufunguliwa kwa umma Novemba 2022, na ikawa jambo la kila siku pale Google ilipoanza, Mei 2024, kuwawekea watumiaji wa Marekani muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo yake ya kawaida. Mwongozo huu unaeleza hatua kwa hatua mambo ambayo mwenye tovuti, au yule anayemtunzia tovuti hiyo, anaweza kuyafanya ili zana hizo ziifikie, ziielewe na ziinukuu bila kuipotosha. Si lazima uwe mwandishi wa programu ili uufuate, ingawa hatua mbili za mwanzo zitakutaka ufungue faili ambazo pengine hujawahi kuzigusa.

Kabla ya yote: jibu hupatikanaje?

Zana nyingi za aina hii hufanya kazi mbili zinazofuatana. Kwanza hutafuta, kisha hutunga. Katika kutafuta, zana huligeuza swali la mtumiaji kuwa maswali mafupi ya utafutaji, huyapeleka kwenye faharasa ya kurasa zilizokwisha kukusanywa, na huleta zile zinazoonekana kuhusika. Mara nyingi kurasa hizo hazikabidhiwi modeli ya lugha, yaani programu inayotunga maandishi, zikiwa nzima. Hukatwa vipande vya aya moja au chache, kila kipande hupimwa ukaribu wake na swali, na vile vichache vilivyoshinda ndivyo modeli huwekewa mbele wakati wa kutunga jibu. Namna hii ya kuunganisha utafutaji na utungaji ilielezwa mwaka 2020 katika makala ya watafiti wa Facebook na wenzao wa vyuo vikuu, na tangu hapo imekuwa msingi wa zana nyingi tunazozitumia.

Jambo la kulishika hapa ni kwamba zana haisomi tovuti yako kama msomaji aliyeketi na kitabu, akianza utangulizi na kumalizia hitimisho. Inachomoa kipande na kuondoka nacho. Kila utakalolisoma hapa chini, liwe la kiufundi au la uandishi, linalenga mambo mawili tu: kipande hicho kipatikane, na kikishachomolewa kiwe bado kinasema ukweli wote.

Hatua ya kwanza: hakikisha maandishi yenyewe yanafika

Anza na jaribio la dakika mbili. Fungua ukurasa ulio muhimu zaidi katika tovuti yako, chagua sentensi moja inayobeba taarifa ya msingi, kisha uangalie chanzo cha ukurasa (katika vivinjari vingi vya kompyuta ya Windows ni kubonyeza Ctrl na U kwa pamoja) na uitafute sentensi hiyo humo. Ukiikuta, endelea na hatua ya pili. Usipoikuta, acha mengine yote kwanza, kwa sababu hakuna uandishi mzuri utakaousaidia ukurasa ambao roboti, yaani programu inayopita kwenye tovuti kukusanya kurasa, inauona mtupu.

Chanzo cha tatizo hili, karibu kila mara, ni JavaScript, yaani lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari. Tovuti nyingi za sasa hutuma kwa kivinjari ganda tupu la HTML (msimbo unaoupa ukurasa umbo lake), kisha programu iliyomo ndani yake huenda kuchukua maandishi na kuyajaza. Binadamu hagundui lolote, maana kivinjari chake huifanya kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua. Roboti ya Google nayo huweza kuiendesha programu hiyo, kwani tangu mwaka 2019 hutumia toleo la kisasa la Chromium, programu iliyo msingi wa kivinjari cha Chrome. Lakini roboti nyingi za kampuni za akili mnemba haziendeshi JavaScript hata kidogo: huchukua HTML kama ilivyotoka kwenye seva, na kama maandishi hayamo, basi kwao hayapo. Ndiyo maana tovuti inaweza kuonekana vizuri Google na isijulikane kabisa kwenye zana nyingine.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku mbili nikiandika upya maelezo ya bidhaa za tovuti moja niliyokuwa nikiitunza, nikishangaa kwa nini zana zinaendelea kunukuu orodha ya zamani iliyowekwa na mtu mwingine. Siku ya tatu ndipo nilipofungua chanzo cha ukurasa na kukuta mistari michache ya msimbo na neno moja tu la kusomeka: “Inapakia”. Niliponea chupuchupu kuandika upya mara ya pili.

Angalizo moja: usichanganye chanzo cha ukurasa na ile zana ya wataalamu iliyomo ndani ya kivinjari, inayofunguka ukichagua kukagua kipengele. Hiyo ya pili huonyesha ukurasa baada ya JavaScript kumaliza kazi yake, kwa hiyo itakupa faraja ya uongo. Ukipenda uhakika zaidi, na kama unaweza kutumia dirisha la amri la Linux au Mac, andika:

```
curl -s https://anwani-ya-ukurasa-wako | grep "dhamana ya miezi 12"
```

Badala ya maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu, weka maneno yako. Amri ikikurudishia mstari wenye maneno hayo, yanafika. Ikinyamaza, hayafiki. Dawa ni kumtaka mjenzi wa tovuti aifanye seva itoe HTML iliyokamilika, ama kwa kuutengeneza ukurasa kwenye seva kila unapoombwa, ama kwa kuziandaa kurasa mapema zikiwa faili kamili. Mifumo mingi ya kujengea tovuti ina uwezo huo. Mara nyingi ni suala la kuuwasha tu.

Kuna maandishi mengine yanayopotea kimyakimya. Bei au ratiba iliyo ndani ya picha haisomeki kwa uhakika. Maelezo yanayoletwa kutoka kwenye seva baada tu ya mtu kubonyeza kitufe cha “soma zaidi” hayamo katika HTML ya mwanzo, wala roboti haibonyezi vitufe. Jedwali lililofungiwa ndani ya PDF iliyopigwa kwa skana ni picha kwa jina jingine. Yote haya yaandike upya kama maandishi ya kawaida ndani ya ukurasa, na hiyo PDF iache kwa wanaotaka kuichapisha.

Hatua ya pili: amua nani aingie, kisha uiandike amri hiyo sawasawa

Faili iitwayo robots.txt, inayokaa kwenye mzizi wa tovuti, ndiyo huziambia roboti zipi ziingie na wapi zisipite. Utaratibu wake ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 na ukafuatwa kwa mazoea tu kwa miaka 28, hadi ulipoandikwa rasmi mwaka 2022 kama kiwango cha mtandao kiitwacho RFC 9309. Ni ombi, wala si kufuli: roboti yenye adabu hulitii, isiyo na adabu hulipuuza. Kwa hiyo usiweke siri nyuma yake.

Kosa la kawaida ni kuzifungia au kuzifungulia roboti zote za akili mnemba kwa mkupuo, bila kujua kwamba kampuni moja huwa na roboti kadhaa zenye kazi tofauti. OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ina GPTBot, inayokusanya maandishi ya kufunzia modeli. Ina OAI-SearchBot, inayojenga faharasa ya utafutaji. Na ina ChatGPT-User, inayoutembelea ukurasa pale mtumiaji anapoomba. Anthropic, kampuni ya Claude, nayo imezigawa kazi hizo kwa ClaudeBot, Claude-SearchBot na Claude-User. Kwa Perplexity, zana nyingine ya utafutaji, faharasa hujengwa na PerplexityBot, na maombi ya mtumiaji hushughulikiwa na Perplexity-User. Mtu asiyetaka kazi yake itumike kufunzia modeli, lakini anataka ionekane na itajwe katika majibu, anaweza kuzuia GPTBot na ClaudeBot na kuziruhusu zilizobaki. Huo ni uamuzi wako, nami sina la kukushinikiza. Ninachosisitiza ni uufanye ukijua unachokifunga.

Google imekaa kivyake. Jina Google-Extended, lililotangazwa Septemba 2023, si roboti bali ni alama ya ruhusa inayohusu matumizi ya maandishi yako katika modeli za Gemini. Kulizuia hakukuondoi kwenye muhtasari wa akili mnemba unaotokea juu ya matokeo ya utafutaji, kwa sababu muhtasari huo hutegemea Googlebot, roboti ile ile ya Google ya siku zote. Anayetaka kupunguza sehemu ya ukurasa wake inayoonyeshwa humo hutumia lebo za nosnippet (kuzuia dondoo) au max-snippet (kuweka ukomo wa urefu wake), akijua kwamba lebo hizo hupunguza pia maelezo yake katika matokeo ya kawaida.

Sasa tazama faili hii, ambayo kwa mtazamo wa haraka haina kasoro (User-agent hutaja roboti, nyota ikiwa na maana ya roboti yoyote; Disallow hufunga njia, Allow huifungua):

```
User-agent: *
Disallow: /kikapu/
Disallow: /akaunti/

User-agent: OAI-SearchBot
Allow: /
```

Aliyeiandika alidhani kwamba kundi la kwanza linazihusu roboti zote, na kundi la pili linaongezea tu ruhusa kwa moja wapo. Sivyo. Roboti hutafuta kundi linaloitaja kwa jina. Ikilipata, hulifuata hilo peke yake na kuliacha kabisa lile lenye nyota. Hapa OAI-SearchBot imeruhusiwa kuingia hata kwenye /kikapu/ na /akaunti/. Marekebisho ni kuirudia mistari ya Disallow ndani ya kundi lake. Kosa hilo hutokea pia kwa upande wa pili, ambapo mtu hufungua njia katika kundi la nyota na kuisahau amri ya kufunga aliyoiacha katika kundi lenye jina.

Hata robots.txt ikiwa safi, roboti inaweza kugonga mwamba kabla haijaifikia. Huduma nyingi za ulinzi zinazokaa mbele ya seva huwa na swichi ya kuzuia roboti za akili mnemba, na nyingine huwa imewashwa tangu mwanzo. Cloudflare, moja ya huduma hizo, ilitangaza tarehe 1 Julai 2025 kwamba tovuti mpya zinazojiunga nayo zingezuia roboti hizo mpaka mwenye tovuti aruhusu. Dalili yake huonekana kwenye kumbukumbu za seva au za huduma hiyo: jina la roboti likifuatwa na namba 403 (imezuiwa) badala ya 200 (imepewa ukurasa). Na kama tovuti yako iliwahi kufichwa isionekane wakati wa ujenzi, hakikisha kisanduku cha kuificha kilichomo katika mipangilio kimeondolewa alama. Utashangaa ni tovuti ngapi zilizofunguliwa kwa shangwe zikiwa bado zimefichwa.

Hatua ya tatu: andika aya inayoweza kusimama peke yake

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo ambapo wengi hupapita haraka kwa kuwa hapana kitufe cha kubonyeza. Tuchukue mfano wa ukurasa unaoeleza dhamana ya cherehani. Aya ya awali ilisomeka hivi:

“Kama tulivyokwisha kueleza hapo juu, hii nayo ina dhamana ile ile, isipokuwa kwa zile sehemu tulizozitaja. Ikipita muda huo, mteja atagharimia mwenyewe.”

Kwa msomaji aliyetoka juu ya ukurasa, aya hiyo inaeleweka bila shida. Ichomoe sasa uisome peke yake. “Hii” ni ipi? Dhamana “ile ile” ni ya muda gani? Ni sehemu zipi? Modeli ikipewa kipande hicho itafanya mojawapo ya mambo mawili: itakiacha na kutafuta tovuti nyingine iliyosema waziwazi, au, jambo lililo baya zaidi, itajaza mapengo kwa kubahatisha. Linganisha na hii:

“Cherehani ya umeme ya modeli ya T-40 ina dhamana ya miezi 12 kuanzia siku ya ununuzi. Dhamana hiyo haihusu sindano, mkanda wala taa, kwa kuwa sehemu hizo huchakaa kwa matumizi ya kawaida. Baada ya miezi 12, gharama za matengenezo ya T-40 ni za mteja.”

Hakuna ufundi wowote wa kompyuta ulioongezwa. Kilichobadilika ni kwamba kila kiwakilishi chenye utata kimerudishiwa jina lake, muda umetajwa pamoja na mahali unapoanzia kuhesabiwa, na masharti yamekaa ubavuni mwa ahadi badala ya kusubiri aya tatu mbele. Kiswahili kina mtego wake hapa, maana viambishi vya ngeli huturuhusu kusema “inayo”, “yake” na “hizo” kwa muda mrefu bila kutaja nomino, na msomaji akatufuata. Uzuri huo wa lugha usiutupe. Ila unapoanza aya mpya, itaje nomino tena.

Kutokana na mfano huo yapo mazoea manne ninayoyapendekeza. La kwanza ni kutanguliza jibu na kuleta maelezo baadaye: sentensi ya kwanza chini ya kichwa kidogo ijibu kile ambacho kichwa kinaahidi, kisha sababu, historia na mifano vifuate. La pili ni kuvifanya vichwa vidogo vitaje mada badala ya kuipamba. “Dhamana ya T-40 hudumu kwa muda gani?” humwambia msomaji na mashine kilichomo; “Tunakujali daima” hakimwambii yeyote lolote. La tatu ni kutoitenga namba na kizio, tarehe wala sharti lake, kwa maana namba iliyo uchi ndiyo hunukuliwa vibaya kuliko kitu kingine chochote. La nne ni kutochanganya mambo mawili katika aya moja, hata kama yanafanana, kwani aya ya namna hiyo haiko karibu vya kutosha na swali lolote kati ya hayo mawili.

Usichukue ushauri huu ukaugeuza ukurasa mzima kuwa maswali na majibu mafupi mafupi. Nimeona tovuti zilizofanya hivyo, na matokeo yake ni maandishi yanayorudia sentensi moja kwa sura kumi, yasiyomvutia mtu na yasiyoongeza taarifa. Wala usirundike maneno yale yale ya utafutaji. Utafiti uliotolewa Novemba 2023, ambao watafiti wa Princeton walishiriki, ulijaribu mbinu mbalimbali za kuzifanya kurasa zionekane zaidi katika majibu ya zana hizi. Kurudiarudia maneno hakukufaa kitu, ilhali kuongeza takwimu, nukuu na marejeo ya vyanzo kulisaidia. Hilo lina mantiki: zana inatafuta cha kukitaja, na madai yenye ushahidi yana cha kutajwa. Bila shaka takwimu ziwe za kweli, la sivyo utakuwa umeisaidia mashine kusambaza uongo wenye jina lako.

Jambo jingine la kuepuka ni ule ujanja wa kuficha maandishi meupe juu ya kurasa nyeupe yanayoiamuru modeli iisifu tovuti. Kampuni za zana hizi huuchukulia kama udanganyifu, na msomaji atakayeugundua hatakuamini tena.

Hatua ya nne: tumia lebo za HTML kwa maana yake

Roboti inapoichambua HTML, lebo ndizo huiambia kipi ni kichwa, kipi ni habari yenyewe na kipi ni menyu inayojirudia kila ukurasa. Weka h1 moja inayotaja mada ya ukurasa, h2 kwa sehemu kuu, na h3 kwa vijisehemu vyake, bila kuruka ngazi kwa sababu tu umependa ukubwa wa herufi. Habari yenyewe iwe ndani ya main au article, na menyu ndani ya nav. Majedwali yawe majedwali ya kweli yenye vichwa vya safu vilivyowekewa lebo ya th, na usiunganishe visanduku ovyo, kwa kuwa jedwali linapogeuzwa kuwa maandishi matupu, kisanduku kilichounganishwa hupoteza safu yake. Kila picha yenye taarifa iwe na maelezo ya alt yanayosema kilichomo.

Usisahau kuitaja lugha. Ukurasa wa Kiswahili uanze na `<html lang="sw">`. Violezo vingi huja vikiwa vimeandikwa “en”, na mwenye tovuti akaandika Kiswahili juu yake bila kujua kwamba anajitambulisha kwa lugha nyingine. Kama una matoleo ya lugha mbili, yape anwani tofauti na uyaunganishe kwa lebo za hreflang, badala ya kuiacha JavaScript ibadilishe maneno katika anwani ile ile.

Hatua ya tano: ongeza data pangilivu, bila kuitarajia miujiza

Schema.org ni msamiati wa pamoja ulioanzishwa Juni 2011 na Google, Microsoft na Yahoo ili tovuti ziweze kuieleza mashine kwa msimbo kwamba hiki ni bidhaa, huyu ni mwandishi, hii ni tarehe. Siku hizi njia iliyozoeleka ya kuuandika ni JSON-LD, yaani kijisehemu cha msimbo kinachowekwa ndani ya ukurasa bila kuonekana kwa msomaji. Mfano wake ni huu:

```
<script type="application/ld+json">
{
  "@context": "https://schema.org",
  "@type": "Article",
  "headline": "Dhamana ya cherehani ya T-40",
  "inLanguage": "sw",
  "datePublished": "2025-02-10",
  "dateModified": "2025-06-03",
  "author": {
    "@type": "Organization",
    "name": "Jina kamili la kampuni yako"
  }
}
</script>
```

Sharti ni moja: msimbo usiseme kitu ambacho ukurasa hausemi. Bei ikiwa tofauti katika JSON-LD na katika maandishi, umeanzisha mgogoro ambao huwezi kujua utaamuliwaje. Nalisema hili kwa sababu msimbo huwa unaandikwa mara moja na kusahauliwa, huku maandishi yakiendelea kurekebishwa. Ni vyema mfumo wa tovuti uutengeneze wenyewe kutoka kwenye data ile ile.

Kuhusu faida yake, niseme kwa kiasi. Google imeeleza katika mwongozo wake kwamba hakuna data pangilivu maalumu inayohitajika ili ukurasa utumike katika muhtasari wa akili mnemba. Na wale waliojaza kurasa zao maswali ya kubuni kwa ajili ya aina ya FAQPage (alama ya schema ya maswali na majibu) waliona mambo yakibadilika Agosti 2023, Google ilipoyabakiza maonyesho ya maswali hayo katika matokeo yake kwa tovuti mashuhuri za serikali na za afya tu. Data pangilivu husaidia kuondoa utata kuhusu majina, tarehe na uhusiano wa vitu. Ukurasa mbovu haiugeuzi kuwa mzuri.

Hatua ya sita: sema wewe ni nani, na uliandika lini

Zana inapokutana na madai mawili yanayopingana, huhitaji cha kuyapimia. Weka jina la mwandishi au taasisi, ukurasa wa “Kuhusu sisi” unaoeleza kwa sentensi za wazi mnafanya nini na tangu lini, na tarehe ya kuchapishwa na ya kurekebishwa inayoonekana kwa macho. Jina liandikwe kwa namna moja kila mahali. Ukijiita kwa kifupisho hapa, kwa jina refu pale, na kwa jina la zamani kwenye kurasa za mitandao ya kijamii, umeifanya mashine idhani mko watatu. Tarehe nayo usiisogeze mbele bila kubadilisha kitu.

Hatua ya saba: rahisisha kupatikana kwa kurasa

Hapa ni mambo ya kawaida yaliyokuwepo kabla ya akili mnemba. Tengeneza ramani ya tovuti ya XML, ambayo faili moja huruhusiwa kubeba anwani zisizozidi 50,000 na ukubwa usiozidi MB 50, na uitaje ndani ya robots.txt. Isajili tovuti katika Google Search Console na Bing Webmaster Tools. Kurasa zinazofanana zielekeze kwenye moja kwa lebo ya canonical, na kila ukurasa muhimu uwe na angalau kiungo kimoja kutoka ukurasa mwingine wa tovuti, chenye maneno yanayoutaja badala ya “bofya hapa”.

Utaulizwa pia kuhusu llms.txt, faili iliyopendekezwa na Jeremy Howard Septemba 2024 ili kuzipa modeli muhtasari wa tovuti na viungo vya kurasa zake muhimu. Haina madhara, na kwa tovuti zenye nyaraka za waandishi wa programu inaweza kufaa. Lakini Google imesema haiitumii, na si kiwango rasmi. Iache iwe kazi ya mwisho kabisa, ukiwa na saa ya ziada.

Hatua ya nane: pima, kisha ufuatilie makosa hadi kwenye chanzo

Andika maswali kumi au kumi na tano ambayo wateja au wasomaji wako huuliza kweli, kwa maneno yao wenyewe, na uyaulize katika zana tatu au nne mara moja kwa mwezi. Usitazame tu kama umetajwa. Tazama kipande gani kimenukuliwa, kutoka ukurasa upi, na kama kimebaki sahihi. Majibu hubadilika kutoka siku moja hadi nyingine hata kwa swali lile lile, kwa hiyo usifurahie wala usihuzunikie jaribio moja.

Upande wa pili wa kipimo ni kumbukumbu za seva. Humo utaona roboti zipi zilikuja, zilichukua nini, na zilijibiwa kwa namba gani. Jina peke yake si ushahidi, kwa sababu yeyote anaweza kujiita GPTBot. OpenAI na Google huchapisha orodha za anwani za IP za roboti zao, na ulinganisho ndio humaliza ubishi. Katika takwimu za wageni, wanaotoka ChatGPT mara nyingi hutambulika kwa alama ya utm_source=chatgpt.com iliyo mwishoni mwa anwani waliyoingilia.

Ukikuta zana inasema jambo lisilo sahihi kukuhusu, fuata kiungo ilichokitaja kabla ya kumlaumu mtu. Mara nyingi, kwa uzoefu wangu, kiungo hicho huishia kwenye ukurasa wako mwenyewe: tangazo la miaka mitatu iliyopita, bei iliyosahauliwa, PDF ya zamani ambayo menyu haiionyeshi tena lakini seva bado inaitoa. Kama habari hiyo ina toleo jipya, uelekeze ukurasa wa zamani kwenye mpya kwa 301, yaani uhamisho wa kudumu. Kama haina mrithi, iache seva ijibu 404 au 410, namba zinazosema ukurasa haupo. Na kama ni lazima ibaki kwa ajili ya historia, andika katika aya yake ya kwanza, si juu ya ukurasa peke yake, kwamba ilikuwa sahihi hadi tarehe fulani. Kosa likiwa kwenye tovuti ya mtu mwingine, mwandikie ukimpa kiungo cha ukurasa wako wenye taarifa sahihi, kisha uliulize swali hilo tena baada ya wiki chache, roboti zitakapokuwa zimepita upya.